Karanga za Urambo na Mradi wa Mwaka wa Mwisho

Katika vyuo vyetu vingi, mwanafunzi wa kompyuta hahitimu bila mradi. Hutafuta tatizo, hubuni mfumo wa kulitatua, kisha husimama mbele ya jopo akiwa na projekta na tai ya kuazima. Utaratibu ni mzuri, maana programu hazifundishiki kwa kukariri. Ila mada zinatabirika: mfumo wa maktaba, mfumo wa hosteli, mfumo wa mahudhurio. Mwanafunzi anatatua shida za chuo kwa sababu chuo ndicho alichokiona.

Ningewapeleka baadhi yao Urambo.

Huko ulipita mradi ambao kila kozi ya aina hii ingepaswa kuusoma. Mwaka 1946 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield na wenzake kukagua ardhi. Baada ya wiki tisa walipendekeza mashamba 107 ya karanga, Tanganyika na nchi jirani, kila moja ekari 30,000. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Urambo na Nachingwea zikafuata. Kongwa mvua haikutii makadirio, na udongo ulipokauka ukawa mgumu, karanga zikakataa kung'oka. Januari 1951 London ilikubali kushindwa na kufuta hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Matrekta yalikuwa yamefika kabla ya majibu ya udongo. Wanafunzi wetu nao huanza kuandika programu wiki ya kwanza, wakamkumbuka mtumiaji wiki ya mwisho.

Hata kompyuta zenyewe ziliwahi kupita njia hiyo hapa nchini. Ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipokwama ndani ya mitambo hiyo, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hakuna jopo la chuo lililowahi kutoa alama kali namna hiyo.

Baada ya karanga, Urambo iligeukia tumbaku. Mkulima hukausha majani kwenye bani, hufunga marobota na kuyapeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Siku ya soko robota hupimwa, hupangiwa daraja, na bei hutajwa. Mwanafunzi mwenye haraka akisikia hayo atatengeneza programu ya simu inayoonyesha bei za madaraja, yenye grafu za rangi. Itapendeza. Lakini hesabu inayomnyima mkulima usingizi inaanza baada ya mizani: mbolea aliyokopa kupitia chama imekatwa kwa bei gani, makato mengine ni ya nini, deni la mwanachama mwenzake aliyeshindwa kulipa limemgusa kiasi gani, na salio litaingia lini. Majibu hayo yamo kwenye daftari la karani, na huenda karani ana sababu zake za kulipenda daftari lilivyo. Hilo huwezi kuligundua ukiwa maabara.

Jopo, kwa upande wake, huuliza kama mfumo unafanya kazi. Unafanya, kwenye kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, kwa data aliyoitunga usiku wa kuamkia siku hiyo: Juma, Asha, Juma tena. Mwezi mmoja baadaye hakuna anayeuliza.

Najua nauli ya Urambo ni kubwa na muhula ni mfupi. Basi waanzie saccos iliyo mtaa wa pili kutoka chuoni. Madaftari yapo huko pia. Ila walimu wabadilishe jambo moja: nusu ya alama itolewe kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa, kwa taarifa fupi inayoeleza kazi inafanywaje sasa, nani anafaidika ikibaki hivyo, na nani ataumia ikibadilika. Atakayerudi na hoja zilizothibitishwa kwamba hapo hapahitajiki kompyuta, naye apewe A.