Mwasi, moto, simba: maneno yanayofanana lakini hayasemi kitu kimoja

Mashariki mwa Kongo, mkaaji wa kawaida anapita katika lugha tatu ao nne kwa siku moja: lugha ya kijiji nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni na ofisini, Kilingala mbele ya askari jeshi. Kati ya lugha hizo kuna maneno yanayosikika karibu sawa, hata yanaandikwa kwa herufi zile zile, lakini kila moja lina maana yake. Mara nyingi watu wanacheka na kuendelea na safari. Siku nyingine, kosa dogo la sikio linaweza kuleta shida kubwa.

Wafaransa wanayaita maneno hayo "marafiki wa uongo". Jina hilo lilitokana na kitabu cha walimu wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, kilichotoka mwaka 1928 juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya Kifaransa. Huku kwetu marafiki hao ni wengi.

Mwanamke ao mpiganaji?

Mfano mzito kuliko yote ni neno mwasi. Katika Kiswahili, mwasi ni mtu anayekataa utawala, mara nyingi kwa silaha. Wingi wake ni waasi, neno ambalo wakaaji wa Goma, Bunia ao Uvira wamelizoea sana kupitia redio. Katika Kilingala, mwasi ni mwanamke, ao bibi wa mtu. Askari akisema "mwasi na ngai azali kuna", anasema tu kwamba bibi yake yuko kule. Mtu asiyejua Kilingala anaweza kukamata neno moja katika sentensi nzima, na neno hilo likamtia woga. Kisha atasikia "kuna", na kuelewa kwamba "kuna mwasi".

Maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Mwasi wa Kiswahili anatoka katika kitenzi kuasi, ambacho kilitoka katika Kiarabu, kwa maana ya kukataa kutii. Ndiyo maana tuna pia uasi, na maasi yanayotajwa kanisani na msikitini. Mwasi wa Kilingala ni neno la kibantu, na wingi wake ni basi. Hapo mtego wa pili unafunguka: kwa Mswahili, "basi" ni kusema imetosha, neno lililotoka katika Kiajemi. Na kule Kenya na Tanzania, basi ni pia gari kubwa la abiria, lililopewa jina hilo kupitia Kiingereza. Hivi, herufi nne zinabeba wanawake, mwisho wa maneno, na gari.

Moto wa aina nne

Mjini Goma, mtu akisema "moto inawaka moto", kila mtu anaelewa: piki-piki imeshika moto. Moto wa kwanza ni wa Kifaransa, ufupisho wa "motocyclette", na asili yake ni mashine inayosukuma, yaani moteur. Moto wa pili ni wa kibantu, ndugu wa kitenzi kuota, kama tunavyosema kuota moto wakati wa baridi.

Kilingala kinaongeza mengine. Moto ni mtu, ndugu wa mutu wetu wa kila siku. Ukiinua sauti mwishoni, inakuwa kichwa. Na ukitamka "o" kwa kinywa kilichofunguka zaidi huku ukianza na sauti ya juu, unarudi kwenye moto unaounguza. Msemaji wa Kilingala hachanganyikiwi, sababu sikio lake linasikia mpando na mshuko wa sauti. Kiswahili kilipoteza jambo hilo zamani. Chenyewe kinakaza tu silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sikio la Mswahili linasikia neno moja pale ambapo mwenyeji anasikia matatu. Na katika ujumbe wa simu, ambapo hakuna anayeweka alama za sauti, tofauti hiyo inapotea kabisa.

Simba wa 1964, na sala isiyo maombi

Mwaka 1964, wapiganaji waliokamata mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, walijiita Simba. Kwa Kiswahili ni mnyama mwenye nguvu. Kwa Kilingala, lugha ya jeshi walilopigana nalo, "simba" ni amri: shika, gusa. Wapiganaji hao waliamini pia maji yenye dawa, wakipaza sauti "Mai Mulele" kwa jina la Pierre Mulele. Mai hapo ni maji, kwa Kilingala na kwa lugha nyingi za kwetu, na jina hilo limebaki kwa vikundi vya Mai-Mai hadi leo. Kwa hilo, lugha hizo mbili ni ndugu wa kweli.

Sala nayo inadanganya. Kwa Mswahili, Mkristo ao Mwislamu, sala ni maombi, neno lililotoka katika Kiarabu. Kwa Kilingala, "sala" ni fanya, tumika. Mosala ni kazi. Anayeambiwa "sala noki" anaombwa kufanya haraka, si kupiga magoti. Na kule pwani, msala ni mkeka wa kusalia.

Muti unaponya

Si kila mfano ni wa bahati tu. Kwa Kiswahili cha kwetu, muti ni ule unaotoa kivuli na kuni. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, umuti ni dawa. Anayevuka mpaka kati ya Goma na Gisenyi, ao kati ya Uvira na Bujumbura, anakutana na neno hilo kwenye mlango wa duka la dawa.

Hapa asili ni moja. Wahenga wa kibantu walipata dawa katika magome, majani na mizizi, na lugha nyingine zikabakiza maana hiyo. Kiswahili kilichukua neno "dawa" kutoka Kiarabu, na muti ukabaki na kazi ya kusimama porini. Lakini alama ya zamani haikufutika: hadi leo tunasema mitishamba.

Vita ni kinyume chake. Kwa Kiswahili ni mapigano; kwa Kilatini na Kiitaliano, vita ni uhai. Vitamini zilipewa jina kutokana na uhai huo, na hazina uhusiano wowote na bunduki. Kiswahili na Kiitaliano vinapenda kumaliza neno kwa vokali, na sauti ni chache; maneno mawili ya mbali kukutana si ajabu.

Hata Waswahili kwa Waswahili

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wengi wanaona kwamba Kiswahili chenyewe kina mitego. Mkaaji wa Lubumbashi akisema ana lupango, anazungumzia kiwanja chake. Kwa lugha ya mtaani ya Tanzania, lupango ni jela. Yaya, ambaye kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa, kule Nairobi ao Dar es Salaam ni mtu anayelipwa kulea mtoto. Na "kaka", neno la heshima kwa ndugu mwanaume kule pwani, linawafanya watoto waliozoea Kifaransa kuziba midomo kwa kicheko.

Si jambo la kucheka tu

Kifungu cha 18 cha Katiba ya Kongo kinasema kwamba mtu anayekamatwa anapaswa kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Katiba hiyo hiyo inataja Kifaransa kama lugha ya serikali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kama lugha za taifa. Haki hiyo ina uzito zaidi mahali ambapo neno moja linaweza kumgeuza mwanamke kuwa mwasi. Kusema "ndiyo" kwa sababu neno linafanana na la kwenu si kuelewa.

Ni hivyo pia hospitalini. Muganga na mgonjwa wakitumia lugha mbili za karibu, kila mmoja anaweza kuamini kwamba wameelewana. Njia rahisi ni kurudilia habari kwa maneno mengine: si "umuti" pekee, lakini "hizi mbegu mbili, asubuhi na magaribi". Kwenye bariere, sokoni na mbele ya mwamuzi ni vilevile. Neno likionekana kama la nyumbani lakini sentensi haiingii akilini, uliza kabla ya kujibu.