"Si mimi, ni yule wa ndani": utetezi wa wazimu mbele ya majaji

Mtu anaua, kisha anasema aliyeua si yeye bali nafsi nyingine inayoishi ndani yake. Hakimu afanye nini?

Mahakama ya ICC ililikabili swali hilo katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, waasi wa Uganda walioua na kuteka watu hadi Haut-Uele, Kongo. Yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto. Wataalamu wawili wa akili walioitwa na utetezi walisema ana nafsi mbili: Dominic A, mpole, na Dominic B, mkali.

Majaji walikataa. Februari 4, 2021 walimkuta na hatia katika mashitaka 61. Waliona kuwa hakuwa na ugonjwa wa akili wakati wa matendo hayo. Mkataba wa Roma unataka uwe umemwondolea mtu uwezo wa kuelewa au kujizuia wakati ule ule wa tendo, na walioishi naye msituni walimweleza kama kamanda anayepanga mashambulizi yake vizuri. Wataalamu nao walikosolewa: ndio hao hao waliokuwa wakimtibu. Utoto wake ulimpunguzia adhabu tu, akapewa miaka 25.

Lubumbashi si mbali na hayo. Sheria ya Desemba 31, 2015 iliingiza kanuni za mkataba huo katika kodi ya adhabu ya Kongo. Mahabusu wa gereza la Kasapa, pale Annexe, akidai ugonjwa kama huo, atahitaji daktari wa akili asiyemtibu. Kwa maskini, hapo ndipo pagumu.