Duka la Babu: Mbomoe au Mlitunze?

Chukulia wewe na mwenzi wako mmeachiwa duka la zamani kando ya barabara kuu, Sumbawanga. Bati lina kutu, milango ni ya mbao, baraza limechoka. Fundi anashauri bomoeni, mpige fremu za vioo. Shangazi hataki hata kusikia. Nyie je?

Kabla hamjanuniana, liangalieni vizuri. Maduka ya aina hii, yaliyoenezwa kwenye miji midogo ya Tanganyika hasa na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, yalijengwa kwa akili. Mbele kuna baraza lenye paa. Ufipa iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mvua za Novemba hadi Aprili hazina utani. Mteja anajikinga, fundi cherehani anapata pa kuweka mashine yake. Nyuma ya kaunta kuna vyumba, kisha ua wenye jiko na stoo. Baba na mama wanapokezana kuuza, watoto wanacheza uani. Sisi tunaoonana saa tatu usiku tukiwa hoi, hapo kuna la kujifunza!

Mji nao umebadilika. Sumbawanga, jina ambalo kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi", ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa mkoa ulipoundwa mwaka 1974. Miaka ya 2010 ikaja lami kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 220. Lami ikifika, kila mtu anataka fremu ya barabarani.

Msitegemee serikali iwazuie. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Duka la miaka ya 1950 halimo, labda waziri alitangaze. Mlinzi wake ni nyie wawili.

Mkiamua kulitunza, fanyeni hivi:

Kwanza, hati. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Hakikisheni jengo ni lenu kweli.

Pili, paa. Maji yakiacha kuingia, nusu ya ugonjwa imepona.

Tatu, ukuta. Kama ni tofali za udongo, msipige plasta ya simenti. Inafungia unyevu ndani na ukuta unaoza kimyakimya. Tumieni chokaa au udongo.

Nne, hela. Acheni sura ya mbele na baraza lake, jengeni fremu mpya uani. Kodi mtapata.

Na kama msingi umeshakatika na gharama haibebeki? Bomoeni, hakuna dhambi. Ila pigeni picha kwanza, milango muitumie kwenye duka jipya, na shangazi aambiwe kabla nyundo haijapigwa.