Mbio za Magari za Kwenye Kompyuta: Vifaa na Mazoezi

Vijana wengi siku hizi hushindana kwa intaneti katika mbio za magari za kwenye kompyuta, wakitumia usukani na pedali. Anayeshindwa hudai vifaa vya bei kubwa. Mara nyingi kinachohitajika ni kupanga vizuri vile alivyonavyo, na kufanya mazoezi kwa utaratibu. Tuyaangalie mambo hayo.

1. Kioo. Mchezo humruhusu mchezaji kuchagua upana wa pembe ya kuonea. Ukizidi, kona huonekana ziko mbali kuliko zilivyo, naye hukosea mahali pa kushika breki. Kioo chenye upana wa sm 60, kikiwa sm 60 kutoka machoni, kinahitaji pembe ya nyuzi 53 hivi. Kadiri kioo kilivyo karibu, ndivyo pembe inavyoweza kuongezwa.

Wengine hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Sababu yake ni kwamba macho huuambia ubongo kuwa mwili unakimbia, na sikio la ndani husema umetulia. Dalili zikianza, acha mara moja, usijikaze. Kesho anza na dakika chache.

2. Usukani. Mota iliyo ndani yake huifanya mikono ihisi tairi. Nguvu ikiwekwa kubwa mno, mota hufika kikomo chake na mchezaji hatofautishi tena tairi inayoshika na inayoteleza. Mota kali huweza pia kuumiza kidole gumba na kifundo cha mkono gari linapogonga ukuta. Tuanze na nguvu ndogo. Vidole vikifa ganzi mara kwa mara, muone mganga.

3. Mazoezi. Chagua gari moja na uwanja mmoja. Kwanza zunguka mara kumi bila kutoka nje ya barabara, hata kama ni polepole. Mwendo utakuja baadaye. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu, zunguka mara tano, kisha andika muda wako daftarini. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hajui kipi kimemsaidia.

4. Mapumziko. Kila dakika 20 tazama mbali kidogo, simama na unyooshe mgongo. Ubongo huimarisha ujuzi wa mikono na miguu wakati wa usingizi. Kwa hiyo anayekesha hupoteza sehemu ya alichojifunza.

Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda mashindano ya mchezo wa Gran Turismo mwaka 2011, na mwaka 2013 akashiriki mbio halisi za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Lakini kabla ya kushindana alifundishwa kwanza katika magari ya kweli. Kwenye kompyuta hakuna mtoto anayevuka barabara, na anayegonga huanza upya. Basi, wazazi, ushindi wa kijana kwenye kioo usiwe sababu ya kumkabidhi ufunguo wa gari kabla hajapata mafunzo na leseni.