Maji ya Rejeta Yakichafuka: Usiyamwage Kabla ya Kuyahifadhi

Mkazi wa Iguguno, wilayani Mkalama, anayenunua gari lililotumika katika yadi za Dar es Salaam huliendesha zaidi ya kilomita 700, kupitia Dodoma na Singida, kabla halijafika nyumbani. Kwa wanunuzi wengi, safari hiyo ndiyo jaribio la kwanza la kweli la injini. Tuchukulie kwamba karibu na mwisho wa safari mshale wa joto unapanda. Dereva anasimama, anasubiri injini ipoe, kisha anafungua mfuniko wa rejeta na kukuta maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Fundi aliye karibu anamshauri ayamwage, asuuze, ajaze maji ya bomba na kuendelea. Ushauri huo waweza kumgharimu mnunuzi injini yake, na pamoja nayo ushahidi wa madai yake.

Kazi ya kipozeshi

Kipozeshi, ambacho mafundi wengi hukiita kulanti, ni mchanganyiko wa maji, glikoli na kemikali za kuzuia kutu. Mji wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; katika mwinuko huo maji matupu huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi za Selsiasi, wala si 100. Glikoli, pamoja na mgandamizo unaohifadhiwa na mfuniko wa rejeta, hupandisha kiwango hicho. Aidha, maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha ndani ya rejeta utando mgumu kama ule unaoonekana ndani ya birika, na utando huo huzuia joto kutoka.

Kusoma dalili

Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mvuke wake huunguza vibaya. Injini ikishapoa, tazama yafuatayo:

1. Rangi ya kahawia yenye chembechembe. Hii ni kutu, na kwa kawaida huonyesha kwamba gari limetumia maji matupu kwa muda mrefu.

2. Rangi ya chai ya maziwa, au mafuta yanayoelea. Oili imeingia kwenye maji. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi imepata ufa, au kipoza oili kimetoboka.

3. Uji wa rangi ya waridi katika gari la giaboksi ya otomatiki. Huenda kipoza oili ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta kimepasuka. Gari lisiendeshwe hata kidogo, kwa kuwa maji huharibu giaboksi upesi.

4. Ute mzito usio na mafuta. Huenda aina mbili za kipozeshi zisizopatana zimechanganywa. Rangi pekee si kipimo cha aina, kwani kila mtengenezaji hujichagulia rangi yake.

5. Mapovu yasiyokoma injini inaponguruma. Huenda moshi wa silinda unavuja na kuingia kwenye maji.

Dalili moja haitoshi kutoa hukumu. Kwa mfano, utando mweupe chini ya mfuniko wa oili waweza kutokana na unyevu wa safari fupi za asubuhi zenye baridi. Mwombe fundi apime mgandamizo wa mfumo wa maji, na ikiwezekana atumie kimiminika cha kupima moshi, ambacho hugeuka kutoka buluu kuwa njano kinapokutana na gesi ya silinda. Matokeo ayaandike na kuyatia sahihi.

Kuhifadhi ushahidi

Kabla tone moja halijamwagwa, piga picha ya rejeta iliyo wazi, namba ya gari na dashibodi inayoonyesha kilomita. Jaza chupa mbili safi, zifunge, kisha andika juu yake tarehe, namba ya gari na neno SUMU. Fundi na shahidi mmoja watie sahihi. Chupa moja ni ya muuzaji. Nyingine ibaki kwako, mahali palipofungwa kwa ufunguo. Glikoli ina ladha tamu lakini huua watoto, mbwa na mifugo. Kwa sababu hiyo isimwagwe uani wala mtaroni. Baada ya hapo gari livutwe, lisiendeshwe.

Kuzungumza na muuzaji

Mpigie simu siku hiyo hiyo, kisha umwandikie ujumbe. Eleza ulichokiona, bila kutangaza chanzo ambacho hakijathibitishwa. Mpe siku maalumu za kuja au kumtuma fundi wake, na usikubali injini ifunguliwe kabla hajapewa nafasi hiyo. Akisema, "Fungueni tu," mwombe aliandike neno hilo. Kubalianeni kwa maandishi nani atalipia kuvuta gari na matengenezo, na vipuri vya zamani vihifadhiwe.

Jibu la kawaida la muuzaji ni kwamba gari liliondoka kwake likiwa zima. Hapa dalili hazina uzito sawa. Kutu nzito na utando mgumu havijengeki kwa siku mbili, hivyo humwelekea muuzaji. Gasketi, kwa upande mwingine, yaweza kuungua katika safari moja ya gari linalochemsha. Mnunuzi aliyesimama mara mshale ulipopanda, na anayeweza kulionyesha hilo, ana hoja yenye nguvu kuliko aliyeendelea mpaka injini ikazima.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa. Hata hivyo, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua; basi fungua mfuniko wa rejeta ukiwa bado yadini, kabla ya kulipa. Vilevile, anayekaa na bidhaa kupita muda wa kuridhisha bila kusema neno huhesabiwa kuwa ameikubali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" hayampi mtu ruhusa ya kudanganya.

Mkishindwa kuelewana, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, au fungua shauri mahakamani. Ambatisha mkataba, risiti ya EFD, tangazo la gari, picha, maoni ya fundi na nakala za ujumbe wote. Nayo ile chupa uliyoijaza kando ya barabara itunze mpaka shauri liishe.