Saa Mbili za Nuru: Mtoto wa Sindo na Kazi ya Nyumbani

Usiku usio na mwezi, ziwa lililo mbele ya Sindo hung'aa kama mji. Hizo ni taa za wavuvi wa omena, ziwekwazo juu ya maji ili kuwavuta samaki wale wadogo. Lakini si ajabu, katika nyumba zilizo ukingoni mwa ziwa hilo hilo, kukuta mtoto wa shule ameliweka daftari lake kando ya moto wa jikoni, kwa kuwa taa iliyopo ina kazi nyingine.

Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 1915 zingekuwa hadithi ya mababu. Za mwaka 2015 zamhusu mtoto huyu. Ziliweka masomo ya darasani yamalizike saa 9:30 alasiri, na michezo saa 10:45. Jua la Sindo huzama kati ya saa 12:30 na saa 1. Basi mtoto ana saa mbili hivi za nuru, na ndani yake yampasa kurudi nyumbani, kuteka maji na kutia ng'ombe zizini. Msichana ndiye apotezaye zaidi, maana maji na jiko humngoja yeye kwanza.

Tena kuna jambo la lugha. Kwa mpango wa elimu wa Kenya, mtoto wa vijijini hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, ambayo Sindo ni Kijaluo, mpaka mwaka wa tatu. Kutoka wa nne Kiingereza huchukua mahali pake. Mtaala ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 nao humtaka mzazi ashiriki katika kazi ya mtoto. Mzazi aweza kuwa hodari wa nyavu na wa mtama, hata wa hesabu za sokoni, akakwama kwa sentensi moja ya kitabu. Huo si uvivu.

Watu wengi hudhani maktaba ya umma ni nyumba ya vitabu na kunyamaza tu. Huduma ya Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ikafungua matawi mpaka Kisumu na Awendo. Tawi la Kibera, Nairobi, lilisifiwa kwa kuwapa watoto wa shule tabuleti za kusomea. Huko Chicago, Marekani, maktaba za umma ziliweka walimu waliohitimu kuwasaidia watoto baada ya shule, bila malipo.

Msaada wenyewe wataka busara. Msaidizi asimpe mtoto jibu. Amwambie asome swali kwa sauti, kisha alieleze kwa Kijaluo. Mara nyingi kosa huonekana hapo hapo, kwamba hesabu aijua ila neno moja la swali limempiga chenga. Ndipo afungue kamusi, alitafute mwenyewe, ajaribu tena. Watoto ishirini waweza kusaidiwa hivyo na mtu mmoja mvumilivu, wakubwa wakiwasikiliza wadogo. Wala pasiwe na ada, hata ndogo. Siku ada iingiapo, mtoto wa maskini hutoka.

Kazi hiyo haihitaji kungoja jengo. Darasa lenye madawati, kabati la vitabu lenye kufuli, mwalimu mstaafu au kijana aliyemaliza kidato cha nne, na saa moja iliyo maalumu: hayo yatosha kuanza. Jengo na mkutubi ni haki ya kudaiwa mahali pake, kwani Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Wananchi huitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Yafaa wale wa Sindo waende na neno "maktaba" midomoni, pamoja na barabara na gati.

Lakini kabati na mwalimu havitafaa kitu ikiwa mtoto hakuachiliwa aje. Saa hiyo moja hutoka katika kazi ya nyumba, na nyumba huihisi. Mzazi aliye tayari kuitoa na aende kwa mwalimu mkuu, wapatane ni siku zipi za juma ambazo maji yatatekwa na mtu mwingine.