Mfupa Umeunga; Je, Mguu Unatembea?

Picha ya eksirei huweza kuonesha kuwa mfupa wa kifundo cha mguu umeunga vizuri na skrubu zimekaa mahali pake. Hata hivyo, mwenye mguu huo huenda bado anashuka ngazi kwa kushika ukuta, hawezi kuchutama, na akienda sokoni hulazimika kupumzika njiani. Kwa aliyetazama picha pekee, mgonjwa amepona. Kwa mgonjwa mwenyewe, safari bado ni ndefu. Ndiyo sababu baada ya upasuaji hupimwa pia mwendo na utendaji wa mguu.

Vipimo vingi havihitaji mashine. Kipimo cha mita 10 hutaka sakafu tambarare, alama mbili na saa: anayetumia sekunde 20 hutembea nusu mita kwa sekunde. Katika kipimo cha dakika 6, mgonjwa huenda na kurudi kwenye njia ya mita 30, na umbali wote huandikwa. Nguvu ya misuli ya shavu la mguu hupimwa kwa kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino, kisha idadi hulinganishwa na ya mguu wa pili. Kipimo hiki cha mwisho hungoja daktari aruhusu mguu kubeba uzito wote.

Maumivu, hata hivyo, hayapimwi kwa saa. Huulizwa mwenye kuyahisi. Dodoso la Foot Function Index, lililochapishwa mwaka 1991, lina maswali 23 kuhusu maumivu, ugumu wa kutenda na shughuli zilizokwama. Mizani ya AOFAS ya mwaka 1994 ina alama 100: maumivu 40, utendaji 50 na mpangilio wa mguu 10. Kwa kuwa sehemu yake hujazwa na mtabibu, haichukui nafasi ya kauli ya mgonjwa.

Kipimo kimoja peke yake husema machache. Inapowezekana, mgonjwa apimwe kabla ya upasuaji, kisha kila anaporudi kliniki, kwa njia ileile, viatu vilevile na gongo lilelile. Matokeo yakishuka, au maumivu yakiongezeka, chanzo kitafutwe mapema. Naye mgonjwa ana haki ya kuuliza: mara iliyopita nilifika wapi, na leo nimefika wapi?